Kamera ya Kati na Taa Mbili

Desemba iliyopita binti yangu alipata kipaimara, na Devota akaja kutoka Mwanza kunisaidia jikoni. Kwa miaka mingi tulikuwa watu wa kupigiana simu tu, Krismasi na panapotokea msiba, na sasa alikuwa amesimama mlangoni kwangu, amenenepa vizuri, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, akinilalamikia kwamba nimezeeka bila kumtaarifu. Mchana, wageni walipokuwa wakila, vijana wawili tuliowakodi kwa ajili ya picha walikaa nyuma ya nyumba na sahani zao za ndizi, wakabishana juu ya kamera. Mmoja alitaka wauze kila walichonacho wanunue moja kubwa, ile ambayo ukiingia nayo ukumbini watu wanakupisha. Mwenzake alisema wakifanya hivyo watabaki na kamera kubwa na giza. Devota alikuwa akisuuza masufuria karibu yao. Aliacha kusuuza, akanitazama, nami nikamtazama, tukacheka mpaka vijana wale wakadhani tunawacheka wao. Wakauliza kuna nini. Devota akawaambia, "Kuleni, wanangu. Sisi tuligombana kwa hilo hilo kabla hamjajua kufunga tai."

Tulikuwa tumeishi chumba kimoja, mimi na yeye, na mwaka ninaotaka kuusimulia ulipita karibu wote ndani ya chumba hicho. Habari za kuzaliwa kwangu na za shule nilizosoma naziacha, hazina kazi hapa. Chumba kilikuwa Buhembe, nyuma ya nyumba ya Mama Paskazia, mjane wa Kilutheri aliyetupangisha sisi Wakatoliki wawili kwa sharti moja: Jumapili twende kanisani, la kwake au la kwetu, asikute mtu amelala. Kilikuwa na vitanda viwili, kabati moja lisilofunga, na dirisha kubwa lililotazama uani, kubwa kuliko chumba chenyewe kilivyostahili, kwa sababu marehemu mume wa Mama Paskazia alikuwa ameipata fremu yake mahali fulani akaona asiipoteze. Jiko la mkaa lilikaa nje, ukingoni mwa baraza. Tulipika ndizi na maharage katika sufuria moja, tukala katika sahani moja kubwa, na baada ya kula Mama Paskazia alituletea kahawa ya kutafuna kwenye kiganja, akabaki amesimama mlangoni akituuliza tutaolewa lini. Kupitia ukuta tulisikia redio ya mpangaji wa upande wa pili, na yeye bila shaka alitusikia sisi, maana siku nyingine alijibu maswali ambayo hatukumwuliza.

Nilifanya kazi katika duka la steshenari karibu na soko. Nilitoa fotokopi, nikachapa barua, na kupiga picha za pasipoti kwa kamera ndogo ya mfukoni, mteja akikaa mbele ya kitambaa cha buluu kilichopigiliwa misumari, chini ya taa ya tyubu. Watu walitoka kwenye picha zile kama wametoka kukamatwa. Devota alikuwa msusi, na saluni yao ndiyo iliyopendwa zaidi na mabibi harusi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kupita mtaa wa pili, na alipenda kazi yake kiasi cha kuudhika nayo. Kila Jumatatu alirudi na malalamiko yale yale. "Nimemkalia yule dada tangu asubuhi," alisema, akitupa pochi kitandani. "Nimemsuka, nimempaka, ametoka pale watu wanageuka. Leo analeta picha za harusi niangalie. Editha, sura imeng'aa kama sahani ya bati, na nywele zangu zimekuwa kofia. Kazi yangu yote imekwenda wapi?" Nilimwambia ni flashi, wanampiga mtu usoni moja kwa moja. Akavua viatu, akasema, "Basi tupige sisi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa hasira ya msusi. Mimi nilikuwa na akiba ya mchezo wa kupeana pale sokoni, yeye alikuwa na yake, na swali likawa tununue nini. Devota hakuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa amemwona mpigapicha mmoja aliyekuja harusini kutoka Mwanza na kamera nyeusi nzito ya kushikwa kwa mikono miwili, na tangu siku ile aliitaja kama mtu anayetaja mchumba. Mimi nilitaka kamera ya daraja la kati, ili fedha zibaki za kununulia lenzi nzuri na taa. Tulibishana tukimenya ndizi, tukabishana tukifua. Mwisho Mama Paskazia akatuambia kutoka ndani kwake, "Si mkazijaribu zote mbili? Mbona nguo mnajaribu?"

Tukakodi zote mbili kwa mtu mmoja wa mjini, kwa siku moja ya Jumamosi, na wa kupigwa picha akawa yeye mwenyewe Mama Paskazia. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akakaa sebuleni kwake chini ya balbu, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa na hakimu. Nikapiga kwa kamera kubwa, nikapiga kwa ya kati. Tukamhamishia chumbani kwetu, kando ya dirisha, nikapiga tena kwa zote mbili. Kisha Devota akasema picha nzuri ni za shambani, tukamtoa nje tukamsimamisha katikati ya migomba. Jioni tulikaa kwenye kompyuta ya dukani. Picha za chini ya balbu zilikuwa za manjano, macho yamegeuka mashimo, na kamera kubwa haikuwa imefanya muujiza wowote. Za kwenye migomba zilikuwa za kijani, kwa sababu mwanga wote ulikuwa umepita kwenye majani kabla ya kumfikia; Mama Paskazia alipoziona baadaye alisema, "Waitu, mmenifanya kinyonga." Lakini za dirishani! Mwanga ulikuwa umeingia kwa ubavu, umepita taratibu juu ya shavu lake, na makunyanzi yake yalionekana moja moja, na yalikuwa mazuri. Nikazichanganya, nikamwuliza Devota ipi ya kamera kubwa. Akaonyesha. Alikosea. Nikamwuliza tena, akakosea tena.

"Sawa," alisema hatimaye, akiegemea kiti. "Picha ni zile zile. Lakini Editha, mteja haoni picha kwanza. Anaona kamera kwanza." Nilimchukulia wakati ule kama mtu aliyeshindwa asiyetaka kukubali. Leo najua alisema neno la mfanyabiashara, na mimi ndiye niliyekuwa sijui biashara.

Tulikwenda kwa muuzaji mmoja aliyekuwa akileta vyombo kutoka Kampala. Alitandaza kitambaa juu ya kaunta, akaweka kamera kubwa upande mmoja, peke yake, na upande wa pili akapanga vitu ambavyo fedha ile ile ingenunua: kamera ya kati yenye kioo kinachogeuzwa, yenye tundu la kuchomekea kipaza sauti kwa ajili ya video; lenzi fupi ya milimita hamsini, ambayo haivuti mbali wala karibu lakini jicho lake linafunguka sana na kumeza mwanga; betri za akiba; taa mbili bapa za LED na stendi zake. Alikuwa pia na taa za studio za mwavuli, zile za kuwaka mara moja na kuzima, akazisifia sana. Nikamwambia hizo zinafaa picha za kusimama tu. Sisi tutapiga na video, na video inataka mwanga unaokaa. Tena hizo zinataka umeme wa ukutani, na umeme wa kwetu sote tunaujua. Taa za LED zilitumia betri. Devota alishika kamera kubwa, akaipima uzito, akairudisha polepole. "Wewe ndiye utakayeishika hiyo ya kwako," aliniambia. "Mimi nitashika taa. Wakitucheka, usiniambie nicheke."

Wakatucheka. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa sherehe ya kumuaga binti mmoja Muleba, katika ukumbi ulio jirani na barabara ya Biharamulo, ambapo kila basi lililopita lilitikisa glasi mezani. Familia ilikuwa imemwita pia mtu wa video mwenye kamera ya begani na taa moja kubwa ya moto, taa ambayo akikuelekezea unajisikia kuungama. Mshereheshaji alitutazama mara moja. "Na hawa dada zetu wenye kamera ya simu," alisema kwenye kipaza sauti, "tunawaomba wakae kule nyuma wasije wakakanyagwa." Ukumbi mzima ukacheka, mpaka mama mwenye sherehe. Tulikaa nyuma. Mtu wa video alisimama mbele yetu kuanzia kuingia kwa binti mpaka kukata keki, na taa yake ilikipiga kila tulichotaka kupiga. Nilirudi na migongo, visogo na vilemba, na picha chache nzuri za wapishi, kwa sababu wapishi ndio waliokuwa nyuma pamoja nasi.

Kwenye basi la kurudi Bukoba Devota hakukaa karibu nami. Chumbani aliziingiza taa chini ya kitanda chake, moja baada ya nyingine, akazisukuma mpaka ukutani. "Nilikwambia," alisema. Nikamjibu kwamba kama angeongea na mwenye sherehe mapema badala ya kupanga nywele za mashangazi tungepewa nafasi. Ndiyo sentensi ya mwisho tuliyopeana kwa majuma kadhaa. Sijui kama msomaji amewahi kununiana na mtu anayelala umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Tulikuwa na jiko moja na sufuria moja, basi tuliendelea kupika pamoja na kula pamoja, sahani ile ile, bila neno. Mama Paskazia akawa mjumbe. "Mwambie mwenzangu chumvi imeisha." "Mwambie mwenzangu nimenunua, ipo dirishani." Baada ya siku chache alichoka. "Mimi si posta!" alitupigia kelele uani. "Mungu amewapa midomo." Mpangaji wa upande wa pili akazima redio ili asikie vizuri. Na bado hatukusemeshana. Lakini nakumbuka kitu kimoja, na nilikiona hata siku zile za hasira: tulipokuwa tukila, Devota aliigeuza sahani kidogo ili upande wenye maharage mengi uje kwangu, huku akitazama ukuta.

Ilikuwa wakati wa senene, wale panzi wanaoliwa, mvua zinanyesha kila alasiri na watu wanakimbizana na ndoo na mifuko. Ijumaa moja niliinua macho dukani nikamwona Devota kwenye foleni. Alikuwa hajawahi kuja pale saa za kazi. Mbele yake alikuwa mzee mwenye cheti cha ubatizo na wanafunzi wawili. Akasubiri zamu yake kama mteja mwingine yeyote. Alipofika akaweka viganja vyake juu ya kaunta, vina mafuta ya nywele bado.

"Naomba uje saluni," alisema. "Na kamera."

"Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe, Editha. Usinifanye nilie mbele ya fotokopi."

Njiani alinieleza haraka haraka, akiruka madimbwi. Kiti cha saluni kilikuwa na binti mmoja aitwaye Asela, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kanazi, anayeolewa na muuguzi wa Muleba. Alikuwa amekuja kujaribiwa mtindo wa nywele, na katikati ya kusukwa alisema kwamba harusini kwake hataki mpigapicha. Mama mkwe ameshakasirika, mchumba anambembeleza, yeye hataki. Devota alimwuliza sababu, na huku amemshika kichwa akaisikia yote. Tangu shuleni, kila picha ya darasa ilipobandikwa, wenzake walimtafuta kwa kuhesabu meno. Akiona kamera anageuka.

"Ni mweusi sana?" niliuliza.

Devota alisimama barabarani. "Ni mweusi mzuri. Sijawahi kushika ngozi kama ile. Na wapigapicha wote wa mji huu wanamfuta."

Asela alikuwa amekaa na nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama, amejifunika taulo. Aliponiona na begi la kamera alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeletewa chakula asichokula. "Dada, usijisumbue tu," alisema. "Nimeshazoea." Nikaanza kufanya kazi. Nilimwomba ahamie kwenye stuli karibu na mlango. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo na mwanga wa nje ulikuwa mweupe na mpole, ule wa mawingu ya ziwani. Devota alikuwa ameshaleta taa moja. Aliitoa chini ya kitanda kabla ya kunifuata dukani, bila kuniambia. Akaivisha kitambaa cheupe, na bila kuelekezwa akaiweka kwa ubavu, juu kidogo ya jicho, mbali na uso. Upande wa pili nikamwomba msusi mwenzake ashike shuka jeupe ili mwanga urudi kidogo. Kisha nikaiambia kamera isahau kila kitu isipokuwa uso. Maana kamera ukiiachia iamue yenyewe huangalia gauni jeupe, au ukuta mweupe, ikaogopa, ikapunguza mwanga, na mwenye gauni akapotea. Nikaufungua mwanga kwa ajili ya Asela. Ukuta nyuma yake ukaungua ukawa mweupe mtupu, nikauacha uungue.

Nilipiga picha nne au tano, nikageuza kioo, nikampa. Wanawake wote wa saluni walikuwa wameacha kazi zao. Hata mashine ya kukaushia nywele ilikuwa imezimwa. Asela aliinamia kile kioo kidogo muda mrefu. Nilidhani hakupenda. Kisha akaweka kidole kwenye picha, chini ya mdomo.

"Hiki ni kidevu cha tata," alisema.

Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa mdogo sana, akatueleza bila kuinua macho, na nyumbani kulikuwa na picha yake moja tu ya zamani ukutani. "Kila mtu nyumbani husema nimefanana naye. Miaka yote. Nilidhani wanasema rangi." Msusi aliyeshika shuka aliliteremsha, akajifutia macho nalo. Devota akamwambia kwa ukali alipandishe, kazi haijaisha. Mimi na yeye tulitazamana juu ya kichwa cha yule binti, na kununa kwetu kukaishia pale; wala hatukuwahi kuombana radhi, tulijikuta tu njiani kurudi nyumbani tunabishana betri ipi ichajiwe kwanza.

Harusi ilifungwa Muleba majuma machache baadaye. Kanisani mambo yalikwenda vizuri, kuta zilikuwa nyeupe na madirisha marefu, karibu kila mahali ungesimama palikuwa na mwanga. Ukumbini mvua ilitukuta. Umeme ulikatika jioni ilipoanza kuingia, bibi na bwana harusi wakiwa bado mlangoni wanasubiri kuingia, na jenereta ya ukumbi ikakohoa mara mbili, ikafa. Chakula kilikuwa kimeshapangwa mezani. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume mnene mwenye ua kubwa la plastiki kifuani, alikuja moja kwa moja kwetu. "Nimeambiwa taa zenu ni za betri," alisema. "Nazichukua zote mbili niweke kwenye chakula. Watu wakianza kuondoka hatutawarudisha."

Devota aliweka mkono kwenye stendi. "Moja mchukue. Moja ni ya mugole, ya bibi harusi."

"Dada yangu, ukumbi mzima hauwezi kula gizani kwa ajili ya picha ya mtu mmoja."

"Mtu mmoja huyo ndiye mnayekula kwa ajili yake."

Watu wa kamati ndio waliotulipa, na ndio ambao wangetusema vizuri au vibaya kutoka pale mpaka Karagwe. Ningekuwa peke yangu ningezitoa zote. Mwenyekiti alimtazama Devota, akatazama nje kwenye mvua ambako Asela alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa mtu, gauni limeshikwa juu na wasimamizi, akachukua taa moja akaenda nayo. Iliyobaki Devota aliitoa kwenye stendi, akafungua kilemba chake cheupe, akaifunika nacho, akaishika kwa mkono ulionyooshwa juu.

Wakaingia. Kwaya ya kina mama ilianza kuimba bila spika yoyote, sauti na makofi tu. Devota alirudi kinyumenyume ubavuni mwa Asela, na mimi nikarudi kinyumenyume mbele yake, kamera kifuani, lenzi imefunguliwa mpaka mwisho. Katika ukumbi ule wote kitu pekee kilichoonekana kilikuwa uso wake: upande mmoja wenye mwanga, upande wa pili ukizama taratibu kwenye kivuli, na lile shavu, na kile kidevu. Alikuwa akicheza polepole, mabega tu. Alitazama kamera, akaendelea kuitazama. Devota alijikwaa kwenye kreti la soda, nikasikia chupa zikigongana na yeye akisema neno ambalo baadaye tuliliondoa kwenye video, lakini taa haikushuka hata kidogo. Kelele za sahani zilikoma. Mama yake Asela alikuwa meza ya mbele, gizani. Akainuka, akaingia kwenye duara la mwanga, akasimama mbele ya binti yake, akamshika kidevu kwa vidole viwili. Kwaya haikuacha kuimba. Sikuona vizuri kilichofuata kwa sababu macho yangu hayakuwa yanafaa kazi, nikaiachia kamera iendelee yenyewe.

Siku hizi kijana yeyote ana simu inayoona gizani kuliko kamera yangu ya wakati ule. Nafurahi, na sioni kama nimeibiwa kitu. Lakini nikitazama picha nyingi za leo, kila kona ikiwa na mwanga sawasawa, humkumbuka Asela akiwa nusu tu, na jinsi nusu ile ilivyotosha.

Baada ya hapo wateja walikuja. Wengi walikuja wakimtaja yeye, na wengi walikuwa na ngozi kama yake na historia kama yake, wakikaa ukingoni mwa kiti na kusema tusijisumbue sana. Devota aliwapokea kwa sauti yake ile, akawageuza mashavu kwenye mwanga kama anayechagua nyanya. Hakuacha kuililia kamera kubwa. Siku moja alirudi na kishikio cha betri, kile kinachofungwa chini ya kamera, na alipokifunga kamera yetu ikawa ndefu maradufu na nzito. Haikuongeza chochote kwenye picha. Tukaenda nayo harusi ya Kanazi na watu wakatupisha mlangoni. "Umeona?" aliniambia sikioni. Nilikuwa nimeona. Sikukitoa tena kishikio kile.

Mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni, dada yake alifungua saluni kubwa Mwanza akamwita. Hakukuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa nafasi nzuri na mimi mwenyewe nilimwambia aende. Mama Paskazia alipika kuku, jambo ambalo alikuwa hajawahi kutufanyia, akasali sala ndefu ya Kilutheri mpaka mchuzi ukapoa, tukala sote watatu chumbani, dirisha wazi. Kisha tukatandaza vyombo vyetu kitandani ili tugawane. Nilikuwa nimekesha nikipanga namna ya kusema kwamba kamera aichukue yeye, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Aliniwahi.

"Hiyo kamera yako ndogo baki nayo," alisema, akikunja nguo. "Watu wa Mwanza watanicheka nikishuka nayo kwenye meli. Mimi nitatafuta kubwa." Alijua kama nilivyojua kwamba hatapata fedha ya kamera kubwa mwaka ule wala uliofuata. Lenzi akaisukuma upande wangu, na betri, na kishikio. Alichukua taa moja, akaifunga ndani ya kitenge. "Taa ziko mbili na sisi tuko wawili," alisema, na akaanza kumkemea Mama Paskazia kwamba analia juu ya nguo zilizopigwa pasi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Muleba, nimeiahidi zamani. Nilifika mapema, nikasimamisha taa yangu, nikamkalisha bibi harusi kwenye chumba cha kuvalia, mashangazi zake wamejaa pande zote wakimrekebisha shela. Alikuwa na uso mwembamba, mwanga ulikuwa unampiga mno puani. Nikaweka jicho kwenye kamera. "Devota, kushoto kidogo," nikasema. Kivuli hakikusogea. "Devota. Kushoto." Shangazi mmoja aliacha shela akatazama huku na huku, akaniuliza kwa upole Devota ni nani, maana pale ndani hapakuwa na mtu wa jina hilo. Nikamwambia asubiri kidogo, nikainuka, nikaenda kuisogeza taa mwenyewe.